Demareri Ikikataa, Tuanze Wapi?



Leo tunajifunza kutafuta ugonjwa wa demareri, ndiyo ile mota ndogo ya umeme inayozungusha mota kubwa mpaka iwake. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaiita stata. Kwetu Goma somo hili si la mchezo. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, watu wa mitaa mingi waliamriwa kuondoka, na barabara ya Sake ikajaa. Siku kama ile, gari isiyowaka ni mzigo tu, hata kama tangi imejaa.

Kanuni yetu ni moja: tusifungue demareri kabla ya kupima batri na waya. Wengi wananunua demareri nzima, kumbe ugonjwa ni kutu tu.

Tuweke gia huru, tufunge breki ya mkono, tuwashe taa kubwa, halafu tugeuze ufunguo na kusikiliza.

1. Taa zinafifia sana, ao tunasikia tak-tak-tak ya haraka: mara nyingi batri ni zaifu ao vichwa vyake vina kutu. Batri ya volti 12 iliyojaa inaonyesha karibu 12,6 gari ikilala. Wakati wa kuwasha isishuke chini ya 9,6 hivi. Tuangalie pia waya ya masi, kwa sababu mawe ya lava yanatikisa gari mpaka vifungo vinalegea. Tusugue, tukaze.

2. Taa nzuri, lakini kimya: tupime waya ndogo inayotoka kwenye ufunguo. Pengine umeme haufiki.

3. Tak moja tu, na taa haififii: kontakti za ile sumaku ya juu ya demareri zimeungua, ao sharboni zimekwisha.

4. Demareri inazunguka peke yake, mota inatulia: lansere imechoka.

Sasa tunaweza kufungua. Kwanza tutoe waya ya kutoa (–) ya batri. Waya nene ya demareri inapitisha zaidi ya ampere 100, na kwa kawaida haina fyuzi. Ufunguo wa chuma ukigusa hapo na bodi, unaweza kuyeyuka mkononi. Ndani tupangushe vumbi. Sharboni fupi tubadilishe zote pamoja. Kolekta tuisugue na msasa laini, wala tusitie mafuta hapo.

Wengine wanagonga demareri na nyundo, nayo inaamka. Hiyo inafikisha gari nyumbani, haiponyeshi. Tena tusishike ufunguo zaidi ya sekunde 10, demareri itaungua.

Maulizo:
a) Kwa nini tunawasha taa kabla ya kugeuza ufunguo?
b) Gari inalia tak moja, taa haififii. Utapima nini kwanza?