Umeona wizi kazini? Usianzie kwenye kundi la WhatsApp

Tuseme wewe ni karani wa chama cha msingi cha tumbaku, unaishi Chemchem hapa Tabora. Daftari linaonyesha wakulima wanakatwa deni la mbolea wasiyoichukua. Umeshapiga picha, na kidole kinawasha kuirusha kwenye kundi la mtaa. Nakusihi, subiri.

Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamkinga anayetoa taarifa kwa nia njema, mwenye sababu za msingi za kuamini anachosema, na aliyeipeleka kwa mamlaka husika. Mtu huyo hafai kufukuzwa, kushushwa cheo wala kuhamishwa kwa kukomolewa. Kundi la mtaa si mamlaka. Ukianzia huko umejivua kinga mwenyewe, na watuhumiwa wanaweza kukugeuzia kibao kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao, inayoadhibu usambazaji wa taarifa za uongo.

Kuhusu rushwa na wizi wa fedha, wapigie TAKUKURU, namba 113, bure, au fika ofisi yao ya mkoa. Mambo ya ushirika yana Mrajis Msaidizi. Kwa taasisi za serikali upo mfumo wa e-Mrejesho, unaofikiwa hata kwa simu ya kitochi kupitia *152*00#.

Sasa suala la siri, ambalo wengi hulikosea. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Kutoandika jina hakukufichi. Picha nayo hubeba saa, aina ya simu, pengine hata mahali ilipopigwa. Kompyuta na intaneti ya ofisini usiziguse kabisa kwa kazi hii. Hata anayekutunzia siri anaweza kubanwa: Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo wa JamiiForums, mtandao ambao watu waliandika tuhuma dhidi ya makampuni bila kutumia majina yao halisi. Polisi walitaka waandishi hao wajulikane, Melo akakataa. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi: faini ya shilingi milioni 3 au mwaka mmoja jela. Si kila mtunza siri ana moyo huo.

Andika ulichokiona kwa macho yako: tarehe, kiasi, ukurasa wa daftari, nani alisaini. Uliyoyasikia yatenge. Daftari lenyewe liache ofisini, na nakala yako isikae kwenye simu unayowaazima watoto.