Timbo Lililogeuzwa Bustani ya Sanamu

Timbo likiachwa wazi baada ya mawe kuisha, hujaa maji ya mvua na kuwa hatari kwa watoto na mifugo. Je, ardhi ya namna hiyo inaweza kufaa tena? Kituo cha sanaa cha Storm King, kaskazini mwa jiji la New York nchini Marekani, ni mfano mzuri.

Katika miaka ya 1950, kokoto nyingi zilichimbwa hapo ili kujenga barabara kuu ya jimbo la New York. Kituo kilifunguliwa mwaka wa 1960, na ardhi iliyoharibiwa ikatengenezwa upya. Leo sanamu kubwa zimesimama nyikani na vilimani, katika eneo la takriban ekari 500, na wageni huzizunguka kwa miguu.

Timbo moja lililobaki lilitumiwa na msanii Maya Lin. Yeye hakuleta chuma wala jiwe. Alitumia udongo na kokoto kuunda safu 7 za mawimbi, yenye kimo cha futi 10 hadi 15, kisha yakapandwa nyasi. Kazi hiyo, Storm King Wavefield, ilifunguliwa kwa umma mwaka wa 2009.

Mafunzo kwa mkaazi:

• Udongo wa juu uwekwe kando wakati wa kuchimba; ndio utakaootesha nyasi baadaye.

• Kingo kali za shimo zipunguzwe ziwe mteremko.

• Katika vikao vya maoni ya umma, uliza mapema: mawe yakiisha, shimo hili litafanywa nini, na kwa gharama ya nani?