Mafunzo ya bure kwa muuza dagaa

SWALI: Mshauri, nanunua dagaa soko la Mwaloni Kirumba, nawakaanga na kuwafungasha. Nataka kujifunza biashara, ila ada ya kozi sina. Hapa Mwanza nianzie wapi?

JIBU: Anzia SIDO, dada yangu. Shirika hili la kuhudumia viwanda vidogo lipo tangu 1973, lina ofisi mkoani hapa, na usindikaji wa vyakula ni kazi yake ya kila siku. Uliza mapema kama mafunzo yajayo yana mchango au yamedhaminiwa. Nenda na pakiti yako moja. Mwalimu anayejua kazi atakuuliza uzito ni gramu ngapi, tarehe ya kutengenezwa iko wapi, na mbona mafuta yamejikusanya chini. Maswali hayo yatakufaa kuliko semina zile za kupiga makofi na kuambiwa uote ndoto kubwa. Pakiti ikikaa sawa, omba barua ya utambulisho uipeleke Shirika la Viwango, TBS. Mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO husaidiwa kupata alama ya ubora bila gharama.

Ya kodi, nenda Mamlaka ya Mapato, TRA. Elimu kwa mlipakodi haitozwi hata senti, na namba ya mlipakodi, TIN, ni bure. Anayekudai hela ya kuharakisha ni kishoka.

Mtaji je? Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 zikiwa za wanawake. Lakini mkopo huo hupitia vikundi, hivyo tafuta wenzako hapo hapo Mwaloni.