Paka wa Miguu Mifupi: Mtazame Anaposhuka

Anayemwona paka wa aina ya Munchkin kwa mara ya kwanza hudhani ni mtoto. Kichwa na mkia ni vya paka mzima, lakini tumbo li karibu na sakafu. Akitaka kuona mbali, hukaa kitako na kuinua kifua, miguu ya mbele ikining'inia, kama sungura. Ni mchangamfu, anakimbia na kukata kona vizuri.

Aina hii ilianzia Marekani. Mwaka 1983, huko Louisiana, Sandra Hochenedel alimchukua paka mwenye mimba aliyekuwa na miguu mifupi, akamwita Blackberry. Ufupi huo hauna uhusiano na lishe, unatokana na jeni. Jeni moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha, lakini mimba iliyorithi mbili, yaani kwa baba na kwa mama, huharibika mapema tumboni. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kwa fahari kwamba wazazi wote wawili ni wafupi, usinunue kwake. Wako pia madaktari wa mifugo wanaopinga kabisa uzalishaji wa paka hawa, na hoja yao ni nzito. Ila aliyekwisha kuzaliwa anahitaji matunzo.

Watu wengi humhurumia anapopanda. Mimi nakuomba umtazame anaposhuka. Paka hutua kwa miguu ya mbele, na ya huyu ni mifupi, wakati mwingine imepinda kidogo. Kila anaporuka kutoka kabatini, kishindo huishia kwenye viwiko, na huko ndiko viungo huanza kusagika. Weka stuli chini ya dirisha analolipenda na kiti kidogo kando ya kochi, ashuke kwa hatua. Sakafu ya vigae huteleza, basi tandika mkeka au zulia pale anapotua.

Uzito ndio adui mkubwa. Munchkin mzima huwa na takriban kilo 2.5 hadi 4, na kila gramu ya ziada hubebwa na miguu hiyohiyo. Huhitaji mizani kila siku. Papasa mgongo wa mkono wako, uone mifupa inavyogusika chini ya ngozi. Mbavu za paka nazo zigusike hivyo. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, punguza chakula. Kipime, usimwachie bakuli limejaa kutwa. Paka ni mla nyama, na mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, kwa hiyo ugali uliolowekwa mchuzi haumfai. Vitunguu vya kwenye mchuzi ni sumu kwake.

Choo chake kiwe na ukingo wa chini. Beseni la plastiki linatosha: kata upande mmoja ubaki kama sentimita 7, ulainishe ukingo usimkwaruze, kisha utie mchanga. Mchane nywele kila wiki, hasa tumboni ambako huokota vumbi, na umkate kucha ncha tu, mbali na sehemu ya waridi yenye damu. Chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, ni kama za paka mwingine yeyote.

Paka akiumwa hulia mara chache. Utaona ameacha kupanda dirishani, nywele za mgongoni zimeshikana kwa sababu hajifikii kujilamba, au anajisaidia kando ya beseni. Usidhani ni ukaidi. Wala usimpe paracetamol, hata kipande: humuua paka. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na kabla ya kwenda mchukue video kwa simu akitembea na kushuka kitini. Juu ya meza ya daktari atajikunyata tu, na jinsi anavyochechemea nyumbani haitaonekana.