MAJI YA MSHIPANI NI DAWA YENYE HESABU

Wasomaji wengi wamepata kumwona mgonjwa amelala kitandani hospitalini, juu yake umetundikwa mfuko wa maji, na mrija mwembamba umeshuka mpaka mkononi mwake. Jambo hili huitwa kuwekewa maji, na wengine husema dripu. Wako watu walisifuo sana, kwa kuwa wameona mgonjwa aliyekuwa hoi akiinuka. Wako na waliogopao, kwa kuwa wameona mwingine akifa na mfuko haujaisha. Wote wameona kweli, lakini si wote wajuao sababu. Basi leo tutaeleza maji hayo ni nini, mwuguzi hufanya nini, na jamaa za mgonjwa yawapasa kufanya nini.

Maji yenyewe

Maji haya si ya kisima wala ya bomba. Hutengenezwa kwa uangalifu mkubwa yasiwe na kijidudu cho chote, kisha hutiwa chumvi au sukari kwa kipimo. Maji ya chumvi yatumiwayo mara nyingi yana gramu 9 za chumvi katika kila lita, maana kiasi hicho hupatana na damu. Mengine yana gramu 50 za sukari katika lita. Mengine tena, yaitwayo maji ya Ringer, yana chumvi za namna mbali mbali. Maji matupu yakiingia mshipani kwa wingi huziharibu chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo daktari huandika katika cheti aina ya maji, kiasi chake, na saa ambazo yatapita, kama vile anavyoandika dawa nyingine yo yote.

Jinsi kazi hii ilivyoanza

Mwaka 1832 ugonjwa wa kipindupindu uliua watu wengi katika Uingereza na Skotlandi. Daktari mmoja wa mji wa Leith, jina lake Thomas Latta, alijua ya kuwa mgonjwa wa kipindupindu hupotewa na maji na chumvi ya damu yake. Akajaribu kuvirudisha kwa njia ya mshipa. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke mzee ambaye alikuwa karibu kukata roho. Katika muda wa nusu saa alimtia maji ya chumvi zaidi ya lita 3, na yule mama akapata nguvu, uso wake ukarudiwa na uhai. Daktari, akidhani ya kuwa hatari imepita, akamwacha katika mikono ya mwenzake, akaenda zake. Lakini kutapika na kuhara kulianza tena, wala Latta hakupewa habari, na baada ya saa chache mgonjwa akafa.

Habari hii yafaa kukumbukwa na kila mwuguzi. Maji yalifanya kazi yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia na kuendelea.

Hesabu ya matone

Tuseme daktari ameagiza lita moja ipite kwa saa 8. Mirija mingi ya watu wazima hutoa matone 20 kwa kila mililita moja, basi lita moja ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya 20,000 kwa 480, utapata matone 42 hivi kwa kila dakika. Mwuguzi hushika saa yake, hutazama matone yakidondoka katika kikombe kidogo cha mrija, na huligeuza lile gurudumu dogo mpaka hesabu ipatane. Kwa watoto wadogo hutumiwa mrija wa matone madogo, 60 kwa mililita moja, kwa sababu kosa dogo kwa mtoto ni kosa kubwa.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Jamaa husema, "Sista, mbona maji yaenda pole pole hivi? Mgonjwa wetu ataka nguvu." Sista hujibu, "Mama, haba na haba hujaza kibaba. Yakienda mbio, moyo utashindwa kuyasukuma, nayo yatajaa mapafuni." Akiisha kupita, mtu huinuka akalifungua gurudumu kwa siri. Mtu huyo hana nia mbaya, lakini aweza kumwua ampendaye.

Ushuhuda wa nchi zetu wenyewe

Kwa miaka mingi waganga wengi wa dunia walidhani ya kuwa mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, yafaa apewe maji mengi kwa haraka. Tangu mwaka 2009 mpaka 2011 jambo hili lilichunguzwa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000. Ilionekana ya kuwa katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, 10 au 11 walikufa katika siku mbili za kwanza. Na katika kila 100 wasiopewa hivyo, walikufa 7 tu. Uchunguzi ukasimamishwa mapema, na waganga wakabadili mawazo yao.

Watoto waliokuwa wakiharisha hawakuwamo katika hesabu hiyo. Mtu aliyekaushwa na kipindupindu bado huhitaji maji mengi upesi: mtu mzima wa kilo 50 aweza kuhitaji lita 5 kwa saa 3. Basi maji yale yale humfaa huyu na kumdhuru yule. Ajuaye tofauti ni yule aliyempima mgonjwa.

Kazi ya mwuguzi

Mwuguzi hunawa mikono, husoma cheti, na huuliza jina la mgonjwa. Hutazama maji kama ni maangavu na mfuko kama hauvuji. Hupitisha maji katika mrija mpaka hewa yote itoke. Huifuta ngozi kwa spiriti na kuiacha ikauke kabla ya kuchoma. Baadaye hurudi mara kwa mara kuhesabu matone, kusikiliza pumzi, kutazama mkono, na kuandika kiasi kilichoingia na mkojo uliotoka.

Kazi ya jamaa za mgonjwa

1. Msiguse gurudumu wala mrija.

2. Mgonjwa akienda msalani, mfuko ushikwe juu ya mkono wake. Ukishushwa chini, damu hurudi katika mrija.

3. Mwiteni mwuguzi mara moja mkono ukivimba, ukiuma, ukiwa mwekundu au baridi. Au mgonjwa akitetemeka, akiwashwa mwili, au akipumua kwa shida. Mwiteni pia mfuko ukikaribia kwisha.

4. Msidai dripu kwa mtu awezaye kunywa. Kila sindano ni mlango uliofunguliwa katika ngozi, na vijidudu hujua kupita humo.

Mtu anayeharisha, lakini anywa bila kutapika sana, tiba yake ya kwanza ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti itolewayo zahanatini. Ikiwa pakiti haipo, pima lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, ukoroge, umnyweshe kidogo kidogo. Asiyeweza kunywa, au aliyelegea, au ambaye macho yake yamedidimia, apelekwe hospitali pasipo kukawia.

Na ukimwona mwuguzi amesimama kimya kando ya kitanda, macho yake kwenye saa na matone, usidhani ya kuwa hana kazi. Mwache amalize kuhesabu, ndipo umwulize ulilo nalo.