Jumamosi moja, shughuli mbili: kupanga oda za chakula bila kuchanganya pesa

Ijumaa saa tatu usiku. Nyama iko kwa friji, vitunguu viko kwa gunia, na wewe bado unapekua simu. Kuna shilingi 20,000 zimeingia jana kutoka kwa mtu usiyemjua. Ni za harusi ya Kitengela ama za chama cha Rongai? Jina si la bibi harusi wala la mwenyekiti wa chama. Ni shemeji fulani aliyeombwa atume kwa niaba ya familia.

Kupika unaweza. Kinachokunyima usingizi ni makaratasi: nani ameitisha, watu wangapi, amelipa ngapi, amebakisha ngapi. Sehemu kubwa ya kazi hii simu yako inaweza kuifanya yenyewe. Sisi tungeanza na pesa.

Nambari ya Till haimuulizi mteja chochote zaidi ya kiasi. Paybill inamuuliza nambari ya akaunti, na hiyo nafasi wengi wanaiacha ijazwe jina lolote. Itumie. Kila oda ipe kodi fupi: harusi ya tarehe 14 Juni iwe H1406, chama cha siku hiyo hiyo kiwe C1406. Mwambie mteja aandike kodi hiyo kama akaunti. Shemeji akituma, mjomba akiongeza, kamati ikimalizia, zote zitaonekana chini ya H1406 kwenye taarifa yako ya malipo, hata majina yakiwa matano tofauti. (Kama Paybill yako ni ya benki na akaunti ni nambari yako ya benki, mbinu hii haitakufaa; utahitaji Paybill ya biashara yako mwenyewe.)

Sasa oda zenyewe. Badala ya kuuliza maswali yale yale kwa WhatsApp, tengeneza fomu ya Google Forms, ni bure, halafu utume linki. Uliza tarehe, mahali, idadi ya watu, menyu, na nani hasa anayelipa. Majibu yanaweza kuingia yenyewe kwenye Google Sheets, na huko hesabu inajifanya. Tuseme kwa kipimo chako kilo moja ya mchele inalisha watu 8, na idadi ya watu iko kwenye seli ya B2. Andika hivi kwenye safu ya mchele:

=ROUNDUP(B2/8,0)

Watu 150 wanakupa kilo 19. Kamati ikipunguza hadi 120, inashuka yenyewe hadi 15. Fanya hivyo kwa nyama, unga wa chapati na soda, na orodha ya soko itakuwa tayari kabla hujatoka nyumbani.

Kwenye fomu hiyo hiyo andika wazi: tarehe haijashikwa mpaka dipositi iingie. Hapa tunasisitiza, maana ukishanunua mbuzi kwa pesa yako, mwenye nguvu ya kujadili bei si wewe tena. Weka pia kikumbusho cha salio kwenye kalenda ya simu, siku saba kabla ya shughuli. Na kwenye WhatsApp Business, hifadhi bei zako kama jibu la haraka. Ukiandika /bei, ujumbe wote unajitokeza.

Ukihudumia ofisi, jiandae kuulizwa ankara ya eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama nyingi za biashara zisizo na ankara hiyo hazikubaliki na KRA wakati wa kukokotoa kodi. Usingoje uitishwe ndipo ujisajili.

Kuna mambo mawili usiyaachie mashine. Mteja akikutumia picha ya ujumbe wa malipo, usiipokee kama pesa, hata awe jirani. Ujumbe wa uongo ni rahisi kutengeneza. Angalia taarifa yako mwenyewe. Na siku mbili kabla ya shughuli, piga simu uulize idadi ya wageni. Fomu iliyojazwa mwezi uliopita haijui kwamba upande wa bwana harusi umeongeza basi moja.

Usijaribu haya kwa mara ya kwanza kwenye harusi. Chukua oda ndogo ya wiki hii, ile ya birthday ya watu 20, uipe kodi, na uone pesa zake zikiingia mahali pake.