Je, Kaya Iko Tayari? Somo Kutokana na Kuzimwa kwa Televisheni ya Analojia

Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha somo linalozihusu kamati zote za parokia za Shinyanga, Kahama na Geita, pamoja na wafadhili wanaotuunga mkono. Kila tunapopanga mradi tunajiuliza kama kaya ziko tayari kupokea mabadiliko. Lakini tunapimaje utayari huo? Tumechagua kujifunza kutokana na jambo ambalo wengi tulilishuhudia: kuhama kutoka matangazo ya analojia kwenda dijitali.

Ilivyokuwa

Mwaka 2006 nchi nyingi zilikutana Geneva na kukubaliana kwamba matangazo ya analojia yakome ifikapo tarehe 17 Juni 2015. Nchi za Afrika Mashariki zilijiwekea tarehe ya mapema zaidi, yaani 31 Desemba 2012. Tanzania iliishika tarehe hiyo. Mitambo ya Dar es Salaam ilizimwa siku hiyo, kisha miji mingine ikafuata kwa awamu. Mwanza, jiji lililo jirani nasi, lilipangiwa Februari 2013.

Kenya mambo yalikwenda tofauti. Desemba 2012 Mahakama Kuu ilisimamisha uzimaji uliokuwa umepangwa Nairobi, baada ya watetezi wa watumiaji kulalamika kwamba ving'amuzi ni ghali kwa mwananchi wa kawaida. Hivyo swali la utayari wa kaya lilifika hadi mahakamani.

Kuwa na king'amuzi siyo kuwa tayari

Wengi wetu tulipima utayari kwa swali moja tu: "Mmenunua king'amuzi?" Swali hili halitoshi, na sababu yake ni ya kiufundi. Mawimbi ya analojia yakiwa hafifu, picha huwa na chenga, lakini mtu anaona na kusikia. Mawimbi ya dijitali yakiwa hafifu, picha hukatika vipande vipande, kisha hupotea kabisa. Kaya iliyozoea kuvumilia chenga inaweza kununua king'amuzi na bado ikakaa gizani, kwa sababu antena yake ni mbovu au mawimbi hayaifikii.

Marekani walijifunza hivyo mapema. Tarehe 8 Septemba 2008 mji wa Wilmington, katika jimbo la North Carolina, ulizima analojia kabla ya nchi nzima ili iwe jaribio. Matangazo yalikuwa yametolewa kwa wingi na watu wengi walikuwa na habari. Hata hivyo, miongoni mwa waliopiga simu kuomba msaada walikuwamo wengi wenye kisanduku tayari. Shida yao ilikuwa antena, namna ya kutafuta vituo, au kituo walichokizoea kutowafikia tena.

Jambo lingine la kuiga ni hili. Kabla ya kuzima moja kwa moja, vituo kadhaa vya Marekani vilikata analojia kwa muda mfupi tu na kuonyesha ujumbe. Aliyeuona ujumbe ule alijua kwamba televisheni yake bado haijawa tayari. Hakuulizwa maoni yake. Televisheni yenyewe ndiyo iliyojibu.

Mnyororo wa utayari

Tuchukue mfano wa mama mjane anayeishi pembezoni mwa Kahama. Mwanawe anayefanya kazi machimboni amemletea televisheni na king'amuzi. Kwenye daftari la kamati, kaya hii ina alama ya "ndiyo". Lakini betri ya sola inaisha nguvu kabla ya saa mbili usiku, muda wa taarifa ya habari. Antena iliangushwa na upepo. Kijana ndiye pekee anayejua kutafuta vituo, naye harudi hadi mwisho wa mwezi. Mama huyu ana vifaa vyote, ila hana taarifa.

Utayari ni mnyororo wenye pete kadhaa: umeme, kifaa, mawimbi, ujuzi na fedha ya kila mwezi. Pete moja ikikatika, mnyororo wote umekatika. Aidha, kaya za machimboni zina ugumu wao. Mchimbaji mdogo huhama kambi pindi dhahabu inapopungua, naye huishi chumba cha kupanga. Leo ana fedha, kesho hana. Aliyekuwa tayari Januari anaweza asiwe tayari Machi.

Hata vituo vyenyewe hubadilika. Agosti 2018 vituo kadhaa vya ndani visivyolipiwa viliondolewa kwenye ving'amuzi vya setilaiti kutokana na masharti ya leseni. Kaya zilizotegemea ving'amuzi hivyo zilipoteza vituo hivyo pasipo kosa lao.

Namna ya kupima

Tunapendekeza kamati zifuate hatua hizi kwa mradi wowote, uwe wa televisheni, simu, maji au majiko.

1. Anzeni na walio dhaifu. Katika kila jumuiya chagueni kaya ya mjane, ya wazee, ya mpangaji wa machimboni, na ile iliyo mbali kuliko zote. Msianze na nyumba ya mwenyekiti.

2. Nendeni saa ya matumizi. Kama ni taarifa ya habari, pigeni hodi jioni.

3. Ombeni kuonyeshwa. Badala ya kuuliza "Mnayo?" semeni, "Shikamoo mama. Tunaomba utuwashie tutazame pamoja." Kisha nyamazeni na kutazama.

4. Awashe anayebaki nyumbani. Kijana akinyanyuka kusaidia, mwombeni aketi.

5. Ulizeni kuhusu mwezi ujao. Fedha ya umeme au ya kifurushi itatoka wapi kabla ya mavuno?

6. Andikeni pete iliyokatika. Neno "hapana" peke yake halisaidii. Andikeni "antena" au "betri".

7. Rudini baada ya mwezi mmoja.

Somo hili halijapitwa na wakati

Huenda msomaji akasema kwamba analojia ilishazimwa na yamekwisha. La hasha. Laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020. Wapo waliokuwa na simu, fedha na nia, ila walikosa pete moja tu: namba ya kitambulisho cha taifa. Mtu wa kijijini laini yake ikizimwa, anazimiwa pia pesa anazotumiwa na watoto wake. Mabadiliko ya namna hii yataendelea kuja, na kila mara wa kwanza kuachwa nyuma ni yule ambaye hakuna aliyekwenda kumtazama.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi. Mnapotudai taarifa, msiridhike na idadi ya vifaa vilivyogawiwa. Tuulizeni ni kaya ngapi tulizikuta zikivitumia baada ya mwezi. Swali hilo litatupa kazi zaidi, lakini litaokoa fedha zenu na litamfaa zaidi yule mama wa Kahama.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Analojia ilipozimwa, ni kaya zipi katika jumuiya yenu zilikaa muda mrefu bila matangazo? Pete gani ilikatika?

2. Katika mradi mlio nao sasa, mlipima utayari kwa kuuliza au kwa kutazama?

3. Ni kaya ipi mtakayoitembelea kwanza wiki hii, na ni nani atakwenda?